Ghala la Mlango Mmoja

Wifi yangu Tusekile alinipigia simu Jumanne, tarehe 4 ya mwezi uliopita, nikiwa jikoni kwa binti yangu Atupele hapa Iringa, nikichambua mchele kwenye ungo. Hakuzunguka kwa salamu ndefu kama ilivyo kawaida yake. Alisema tu, "Wifi, baba ametutoka," nami nikajua kwamba baba mkwe wangu, baba wa marehemu mume wangu, amefariki huko Mbeya. Atupele aliuliza kutoka sebuleni ni nani aliyepiga. Nilimjibu kwamba babu yake hatunaye tena, akaanza kulia kama mtoto ingawa yeye mwenyewe ni mama wa watoto. Mimi sikulia. Niliendelea kupepeta mchele ambao tayari ulikuwa safi. Upepo wa Iringa ulikuwa ukigongagonga dirisha, na kifuani mwangu kulikuwa na kitu nilichokifahamu vizuri, ambacho hakikuwa huzuni. Ilikuwa ni aibu. Nilikuwa nimekaa nayo tangu mwaka ule niliotimiza miaka sitini na mmoja, mwaka wa kwanza wa ujane wangu, na nilikuwa nimejidanganya kwamba imezeeka pamoja nami.

Msomaji ataniwia radhi nikitaja tarehe mara kwa mara. Nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa na miaka arobaini na mitatu, katika darasa la watu wazima lililofanyika jioni kwenye ukumbi wa kanisa, na mwalimu wetu hakuturuhusu kuandika neno lolote kabla ya kuandika tarehe ya siku ile juu ya ukurasa. Wenzangu waliona ni usumbufu. Mimi niliona kwamba mtu anayejua leo ni tarehe ngapi hawezi kuburutwa kama mbuzi, na tangu wakati huo nikawa mtu wa kutembea nimenyoosha shingo. Niliwahi kuwa katibu wa kikundi cha akina mama. Nilisoma matangazo ya mtaa kwa sauti mbele ya waliosoma tangu utotoni. Nasema haya ili ieleweke nilianguka kutoka wapi.

Mume wangu alifariki tarehe 19 Januari baada ya kuugua figo kwa muda mrefu, na ugonjwa ule ulikuwa umekula kila kitu kabla ya kumla yeye. Mashamba yetu ya mpunga kule Chimala yalikwenda, moja baada ya jingine. Kilichobaki ni nyumba yetu ya Mbeya: kuta za tofali za kuchoma, bati zuri lisilo na kutu, sebule yenye viti vilivyotandikwa vitambaa nilivyofuma mwenyewe, na kabati la vioo lenye vikombe vya wageni. Mtu akiingia pale hakuweza kudhani kwamba mwenye nyumba hajala. Nilihakikisha hadhani. Kila siku mchana niliwasha kuni katika jiko la nje ili majirani waone moshi, hata siku ambayo juu ya mafiga kulikuwa na sufuria ya maji matupu. Mgeni akija nilimpa chai isiyo na sukari, nikamwambia kwamba daktari amenikataza sukari na nimekwisha kuizoea hivyo. Jirani yangu Mama Zuhura, mwenye duka la mchele na mafuta kona ya mtaa, alikunywa chai hiyo siku moja, akaweka kikombe chini polepole na kusema, "Daktari wako huyo amekataza na majani?" Nilicheka. Naye alicheka, lakini jioni yake alileta sahani ya wali iliyofunikwa, akasema amepika ukazidi. Niliirudisha kesho yake ikiwa na parachichi mbili juu, maana kwetu sahani ya mtu hairudi tupu, na parachichi hizo ndizo nilizokuwa nimezitenga niishi nazo siku hiyo.

Mwezi wa Machi, Jumamosi tarehe 16, tuliitwa kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa. Serikali ilikuwa imeamua kutoa chakula kila mwezi kwa wazee wasiojiweza wa kata yetu, na kila jina lililopendekezwa lilipaswa kusomwa mbele ya watu ili wananchi waseme kama ni kweli mhusika hajiwezi. Utaratibu huo una haki yake. Mahali pengine chakula cha wazee kimeliwa na watu wenye magari. Lakini atakayetaka kujua aibu ni nini, na akae kwenye benchi huku jina lake likisomwa na majirani wakijadili njaa yake. Kwa mzee mmoja walisema, "Huyo kweli, hata mbuzi hana." Kwa mwingine walisema, "Huyo mwanawe yuko Dodoma, anatumiwa hela, mtoe." Sikuwa nimeomba kuandikwa. Mwenyekiti alikuwa ameniandika kwa sababu ya umri na ujane, na aliposoma jina langu sauti ya mwanamume ikatoka nyuma.

"Mama Atupele? Si ana bati huyo?"

"Tena bati la kung'aa," mwingine akaongeza. "Ukipita saa sita linakuchoma macho."

Watu walicheka. Nilikaza macho kwenye viatu vyangu, ambavyo nilikuwa nimevipaka rangi asubuhi ile kwa heshima ya mkutano. Ndipo Mama Zuhura aliposimama, mtandio umemteleza mabegani, akasema bila kupaza sauti, "Bati haliliwi. Kama kuna mtu hapa anapika bati, atufundishe, tupunguze gharama." Walicheka zaidi, safari hii kwa upande wangu, na mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hapakuwa na pingamizi. Mtu pekee aliyetaka kupinga nilikuwa mimi. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno ya kushukuru na kukataa, sentensi nzuri zenye mwanzo na mwisho. Lakini tumbo langu lilikuwa tupu tangu juzi yake, na nilinyamaza. Mwenyekiti akaweka alama mbele ya jina langu, akaendelea na mengine. Jina la baba mkwe wangu lilikwisha kupita kabla ya langu, bila mjadala. Kila mtu alijua kwamba anaishi katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Tusekile, anayeuza ndizi sokoni, na kwamba kitu pekee alichotoka nacho kijijini Rungwe ni koti lake refu la mvua na fimbo.

Hapa ni lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo yaliyofuata hayataeleweka. Kwa sisi Wanyakyusa, mke hamwoni baba mkwe wake. Haketi naye, hasemi naye, hamtazami. Akisikia anakuja, huiacha njia, akageuka mgongo na kujifunika mpaka mzee apite. Chakula atampikia, lakini kitapelekwa na mkono wa mwingine. Mabinti wa mjini wameuacha mwiko huu, wengine wanapanda bodaboda moja na wakwe zao, nami siwahukumu. Mimi niliushika tangu siku niliyoolewa. Kanisani mzee alitumia mlango wa mbele, mimi mlango wa ubavuni, na mtaa mzima ulijua. Nilimfahamu baba mkwe wangu kwa kikohozi, kwa mgongano wa fimbo yake na mawe, na kwa sauti yake akiomba dua ya chakula nje, mimi nikiwa ndani nyuma ya ukuta. Uso wake sikuujua.

Ugawaji ulifanyika Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi katika ghala la zamani la ushirika, jengo lenye mlango mmoja tu na mabenchi yaliyopangwa kando ya kuta. Kila mzee alipaswa kufika mwenyewe, aitwe, aonekane, aweke dole gumba, apokee unga, maharage na mafuta, kisha atoke. Mwezi wa Aprili nilifika mapema. Nilikuwa nimekunja mfuko wa salfeti nikauficha ndani ya mkoba wangu wa kanisani, ili atakayenikuta njiani afikiri naenda kwenye maombi. Niliketi mwisho wa benchi. Majina yalianza kuitwa, na majina ya ukoo mmoja yalifuatana, kwa hiyo la baba mkwe wangu lilikuwa linatangulia langu moja kwa moja. Sikulifikiri hilo hata kidogo mpaka niliposikia fimbo ikigonga kizingiti. Nilivuta kanga usoni, nikageukia ukuta, na alipokwisha kuingia nikapenya nyuma ya migongo ya watu na kutoka nje, nikasimama nyuma ya choo. Kutoka pale niliwasikia wakimwita yeye, kisha mimi. Waliniita mara kadhaa.

"Alikuwepo hapa sasa hivi," mtu alisema.

"Amemkimbia mkwe wake," bibi mmoja alijibu. "Mmeona heshima hiyo? Wa siku hizi hawawezi."

Afisa, kijana mpole kutoka halmashauri, alisema kwamba yeye anaelewa mila, lakini utaratibu ni utaratibu, asiyeonekana hapokei. Nilirudi nyumbani na mfuko mtupu. Sasa naandika jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata binti yangu: nilipokuwa natembea kurudi, nilijisikia nafuu. Nilikuwa nimepewa sababu ya heshima ya kutokupokea. Badala ya kuwa mjane asiyejiweza, nilikuwa mkwe mwenye adabu, na wanawake sokoni walinitaja kwa sifa wiki nzima. Mwezi wa Mei nilikwenda tena, na niliposikia kikohozi chake nilitoka haraka kuliko mara ya kwanza. Nilikuwa nimekwisha kukaa karibu na mlango.

Sifa hazikunishibisha. Kufikia mwishoni mwa Mei nilikuwa nakula uji mweupe mara moja kwa siku, na magimbi machache yaliyokuwa yamebaki nyuma ya nyumba. Nilianza kushika ukuta nikiinuka. Jumapili tarehe 2 Juni nilianguka kanisani wakati wa wimbo wa sadaka, nikazinduka nje, kichwa changu kikiwa kwenye mapaja ya Tusekile. Alinipeleka kwangu, akaingia jikoni bila kuomba ruhusa, akafunua sufuria, kopo la unga, na kapu. Alifunua kila kitu. Kisha alikuja akakaa kwenye kiti kimoja cha vitambaa, akiwa bado na vazi la kwaya.

"Wifi, unga wa serikali uko wapi?"

"Sijauchukua."

"Miezi yote miwili?"

"Unajua mwenyewe baba yuko pale. Ningepitaje?"

Tusekile ni mwanamke wa sokoni. Anajua mtu anayesema hana hela na mtu asiyetaka kununua. "Mwiko umeukuta," alisema. "Na mimi naujua. Lakini mwiko unasema mwanamke ampishe mzee njia. Hausemi afe." Nilimwomba asimwambie yeyote, hasa Atupele, ambaye wakati ule alikuwa anahangaika na kibarua huku Iringa. Aliahidi. Hakuahidi kuhusu baba yake, nami sikukumbuka kumbana hapo. Siku zilizofuata alinipitishia mkungu mdogo wa ndizi kila alipotoka sokoni, akiuacha mlangoni kama ameusahau. Ijumaa ya Juni sikwenda ghalani, miguu ilikuwa bado haina nguvu.

Jumatano kabla ya Ijumaa ya kwanza ya Julai, alikuja na ujumbe. "Baba amesema hivi: mama aende Ijumaa. Atakuta njia iko wazi." Nilielewa kwamba mzee hatakwenda siku ile, kwamba mgao wake atauacha ili mimi nipate wangu. Nilijisikia vibaya. Nilisema haiwezekani, mzee wa umri wake akose chakula kwa ajili yangu. Tusekile alinijibu kwamba yeye ametumwa kusema, hakutumwa kujadiliana. Usiku ule nilikwisha kupanga kwamba nikipokea nitagawanya unga, nimtumie nusu. Mpango huo ulinifariji, kwa kuwa ndani yake mimi nilikuwa mtoaji.

Julai ni baridi kali Mbeya. Asubuhi ile ya tarehe 5 kulikuwa na ukungu, na watu waliingia ghalani wamejikunyata ndani ya mablanketi. Nilipofika mlangoni nilisikia kicheko kabla sijaona kinachochekwa. Kisha nikaona. Kwenye benchi la ukuta wa mbali, peke yake, alikuwa ameketi mtu mwenye koti refu la mvua, amelivuta juu ya kichwa mpaka magotini kama mtu aliyefunikwa gunia. Mikono miwili tu ndiyo iliyoonekana, imeshika fimbo. Niliijua fimbo ile. Niliduwaa, nikageukia mwimo wa mlango, lakini sikutoka, kwa maana niliona kwamba hakuna nilichokuwa nakikimbia. Uso wake haukuonekana, na yeye hakuweza kuniona. Alikuwa amefanya yeye kile nilichopaswa kufanya mimi. Mwanamume ambaye wanawake wa ukoo mzima walimwachia njia tangu ujana wake alikuwa amejifunika kama mwali, mbele ya kata.

"Babu, shikamoo," afisa alisema. "Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi."

"Sasa mbona umejifunika hivyo?"

"Nasubiri mtu apite."

Makuli wawili waliokuwa wanashusha magunia walicheka sana. "Mzee," mmoja akamwambia, "mvua inanyesha humu ndani?"

"Inanyesha upande wangu tu," sauti ilijibu kutoka ndani ya koti. "Wewe shusha magunia." Kisha akamwambia afisa, kwa upole lakini si kwa kuomba, "Jina langu liruke. Muite anayenifuata kwanza."

Wazee walionifahamu walikwisha kuelewa. Hakuna aliyenitazama moja kwa moja, na kule kutokunitazama kulinichoma kuliko kicheko cha makuli. Jina langu likaitwa. Nilitembea katikati ya ghala lile, nikasikia viatu vyangu kwenye sakafu. Miezi yote nilikuwa nimejiandaa kwamba nikifika mezani nitaomba kalamu, nitatia sahihi yangu kamili yenye mkia niliojifunza darasani, ili karani ajue anashughulika na nani. Karani alinisukumia kidau cha wino bila kuinua macho. "Weka dole, bibi." Niliweka dole. Sikutaka kuchelewa hata kwa muda wa sahihi, kwa sababu nyuma yangu mzee alikuwa anapumulia kwenye mpira wa koti, na kila nilichokifanya kwa utaratibu kilikuwa kinamrefushia giza lake. Nilitiliwa unga na maharage kwenye salfeti, nikatwikwa kichwani, nikapewa dumu la mafuta mkononi, nikatoka.

Nilikuwa nimekwisha kuushuka mteremko mfupi wa mlango niliposikia akiuliza, "Ameshapita?"

Kuli yule yule akajibu, "Bado, mzee. Bado yupo yupo hapa."

Kicheko kikapasuka. Nilisimama. Nilingoja afisa aseme ukweli, au mzee yeyote pale benchini, lakini afisa alikuwa ameinamia mifuko, na wazee wengine walikuwa wanacheka pia, si kwa ubaya nadhani, ila kwa sababu kulikuwa na baridi na walikuwa wamengoja tangu alfajiri.

"Ameshapita?" aliuliza tena baada ya muda.

"Bado, mzee. Vumilia."

Naye akavumilia. Hakuinua koti hata kidogo ili achungulie. Nilijua kwamba angekaa hivyo mpaka jioni kama wangeendelea kumwambia bado, kwa kuwa alikuwa ametoa neno lake kwamba nitakuta njia iko wazi. Nami ningeweza kwenda zangu. Mwiko uliniruhusu, zaidi ya hayo, uliniamuru. Katika maisha yangu yote ya ndoa na ujane sikuwahi kumtamkia mtu huyu neno, na mtaa ulinisifu kwa hilo. Nilisimama pale na unga wa serikali kichwani, na kwa mara ya kwanza nilichukia sifa ile.

Nilirudi mpaka kizingitini. Niliwapa mgongo, nikaukabili ukungu wa barabarani, na nikasema kwa sauti iliyotosha ghala zima, "Nimeshapita, baba. Jifunue."

Kicheko kilikatika. Bibi mmoja alivuta pumzi kwa mshangao. Nilianza kutembea, shingo imenyooka kwa sababu ya mzigo tu, na nyuma yangu nikasikia afisa akiliita jina la baba mkwe wangu, akilirudia mara ya pili. Yeye aliitika, "Nipo." Sauti yake ilikuwa nzito na ya kuzibwa, ilikuwa bado inatoka ndani ya koti, kwa kuwa hatua zangu zilikuwa bado zinasikika.